Dumu la Wakwe na Gari Lililokataa Kuwaka

Ninyi nyote mlioniuliza safari ya ukweni ilikuwaje, mkaona nakohoa tu na kuangalia pembeni, mnisamehe. Nilikuwa nimekatazwa kusimulia. Amri ilikuwa halali kabisa, ilitolewa na bibi mmoja mwenye kiko huko Kyerwa, na sikuwa na pa kukata rufaa. Kwa muda wote huo baba mdogo Laurenti na fundi Leopoldi wamezunguka na habari hiyo kila mmoja kwa namna yake, na katika zote mbili mimi ndiye mjinga. Amri sasa imekwisha. Sikilizeni na yangu, ambayo ndiyo ya kweli, ingawa hata ndani yake ujinga haunipiti mbali.

Bweranyange: madumu mawili

Mnajua nilichokuwa nakifuata. Jenista, mshonaji wa Nkwenda, alikuwa amekubali kuolewa nami, na kilichobaki ni watu wake kukubali pia. Baba yake, Mzee Simeo, anakaa mbele ya Nkwenda ukielekea Kaisho. Alikuwa ametuma neno fupi: tuje Jumamosi kabla ya mvua ya mchana, tuje na msemaji, tuje na rubisi. Tukichelewa, wazee aliowaalika wangerudi kwenye kahawa zao, na kuwakusanya tena ni kazi ya msimu mzima. Kulikuwa na mchumba mwingine pia, mwenye lori, aliyekuwa anapitapita kwa Mzee Simeo kila wiki kumjulia hali. Siku hiyo sikuwa na nafasi ya kukosea.

Rubisi aliipika shangazi yangu Koku wa Bweranyange. Wengine wanapika pombe ya ndizi, shangazi Koku anaizaa. Ndizi anaziivisha mwenyewe, mtama anaukaanga mwenyewe, na pombe ikichachuka hakuna anayeruhusiwa kupiga kelele karibu nayo. Aliijaza kwenye dumu la njano la lita ishirini, akaziba mdomo kwa jani la mgomba lililokunjwa, akanishika mkono.

"Evodi, pombe ya wakwe haifunguliwi njiani. Na hainuswi. Ukiinusa, umeinywa kabla yao."

"Shangazi, hata nikitaka siwezi," nilimjibu. Mafua yalikuwa yamenikamata tangu mvua zianze. Ungemweka beberu chini ya pua yangu, nisingejua kama yupo.

Dumu la pili lilikuwa langu. Njano vilevile, lita ishirini vilevile, lakini ndani petroli ya akiba niliyonunua Kayanga, kwa kuwa huko mbele mafuta hupatikana kwa bahati. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea. Shangazi, ambaye hapendi kuona kitu kiko wazi, akalikunjia nalo jani la mgomba zuri kabisa, akaliziba. Nikayafunga yote mawili kwa kamba za mgomba nyuma ya gari yasigongane. La kulia rubisi, la kushoto petroli. Nilijisifu kwa mpangilio huo.

Gari langu mnalijua, lile dogo jeupe ambalo watu wa Ndama wanaliita Yai, kwa sababu ya umbo lake na kwa sababu ya jinsi ninavyoliendesha. Kiti cha mbele alikaa baba mdogo Laurenti, msemaji wetu, na suti yake ya kahawia na kopo lake la ugoro. Baba mdogo ni msemaji mzuri sana. Tatizo lake ni kumaliza. Kwenye harusi ya dada yangu alianza kuongea wali ukiwa jikoni, akamaliza watu wanaosha sufuria.

"Baba mdogo," nilimwambia tulipotoka, "leo ufupishe. Nakuomba kwa heshima zote."

"Nitafupisha," alisema. "Nitaanzia kwa babu yake babu yako tu."

Omurushaka: senene na kituo kikavu

Mpaka Kayanga tulikwenda vizuri. Omurushaka ndipo nilipotaka kujaza tangi kabla ya kukamata njia ya Nkwenda, maana mshale wa mafuta ulikuwa umelala. Kwenye kituo tulimkuta dada mmoja amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasuka ukili.

"Petroli hakuna, kaka. Gari la mafuta liko njiani."

"Liko wapi?"

"Njiani," alirudia, kama mtu anayetaja kijiji.

Basi, akiba ipo, nikasema moyoni. Wakati huohuo baba mdogo alikuwa ameona senene, wale panzi wa kuliwa. Ulikuwa msimu wao, na akinamama walikuwa wamepanga ndoo za senene waliokaangwa na kitunguu. Baba mdogo alinunua kwa ajili ya wakwe, halafu akanunua tena kwa ajili ya njia, halafu akaona mkungu wa matoke usiokuwa na mfano, akasema hatuwezi kwenda mikono mitupu. Nilimkumbusha kwamba hatuendi mikono mitupu, tunakwenda na rubisi ya shangazi Koku. Hakusikia. Akafungua nyuma ya gari, akafungua kamba zangu, akatoa madumu, akalaza mkungu, akarudisha madumu, akafunga tena kamba vizuri kuliko nilivyofunga mimi.

Mnaona habari inakokwenda. Mimi sikuona.

Mbele kidogo ya senta nilisimama pembeni, nikatoa dumu la kushoto, nikakata chupa ya maji kuwa faneli ya kumiminia, nikaanza kumimina kwenye tangi. Baba mdogo alibaki kwenye kiti anatafuna senene na kufanya mazoezi ya hotuba kwa sauti. Niliona povu. Nikajiambia, petroli imetikiswa na barabara. Niliona na rangi ya kahawia. Nikalaumu dumu, maana hapo awali lilikuwa la mafuta ya mawese. Kuna chembechembe zilizokwama kwenye shingo ya chupa, nikazipuliza. Mtu akishaamua kwamba anamimina petroli, macho hayamsaidii, na pua yangu haikuwepo kazini.

Nilimimina karibu dumu lote. Yai likawaka mara moja, likaondoka kwa furaha, nami nikalipigapiga usukani kulipongeza.

Kilimani kabla ya Nkwenda: kila mtu fundi

Mafuta yaliyokuwa yamebaki kwenye mabomba yalitufikisha katikati ya kilima. Hapo Yai lilikohoa, likaruka kama limekanyaga mwiba, likakohoa tena, likazima. Nilipiga stata. Stata ilizungusha vizuri, kwa nguvu, wala betri haikuwa na wasiwasi, lakini injini haikushika. Nikapiga tena. Injini ilizunguka bila kuwaka, nami nikashuka.

Mahali penyewe palikuwa na kibanda cha mama mmoja anayeuza maparachichi, Ma Jovina, na dakika hiyohiyo likatokea kundi la watu ambao sijui walikuwa wamejificha wapi. Kila mmoja alikuja na ugonjwa wake. Mwenye jembe alisema betri. Mwenye baiskeli alisema gari limechoka, lipumzishwe. Katekista mmoja aliyekuwa anapita na biblia kwapani alisema tusidharau mambo ya wivu, je, kuna mtu asiyependa safari yetu? Nikamfikiria yule mwenye lori, nikakasirika bure.

Ma Jovina akapiga simu, na baada ya muda akaja fundi Leopoldi kwa pikipiki, na mfuko wa spana umefungwa nyuma kwa mpira. Mtu mrefu, mwenye sauti ya kuhubiri.

"Shikamoo mzee," alimwambia baba mdogo.

"Marahaba, kijana wangu. Tunakwenda ukweni."

"Basi hili gari litawaka, hata kama halitaki."

Alifungua boneti, akatazama ndani kwa huzuni, akatangaza: "Plagi."

"Hujagusa kitu," nilisema.

"Kaka, mimi naziona zikiwa ndani."

Alitoa koili moja, akafungua plagi, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Cheche ikaruka, ya buluu, kali, tena nzuri. Akatoa ya pili, cheche. Ya tatu, cheche. Ya nne ilimrusha yeye mwenyewe, na watu wakashangilia.

"Si plagi," Leopoldi alisema akijipuliza vidole. "Nilisema si plagi."

Ilikuwa lazima kutazama upande wa mafuta. Lakini jua lilikuwa limepanda, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Rwanda. Baba mdogo akatazama mawingu, akatazama suti yake, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, kule wanahitaji vitu viwili. Msemaji na pombe. Wewe huna kazi."

"Mimi ndiye ninayeoa, baba mdogo!"

"Ndiyo, na kazi yako ni kunyamaza. Unaweza kunyamaza hata hapa."

Hapo niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa kilichofuata. Kwenye ukoo wa Mzee Simeo, kijana anayeombewa mke hafungui mdomo mbele ya wakwe siku hiyo. Hasalimii, haombi maji, hasemi hata samahani akikanyaga mtu. Anakaa akitazama vidole vyake vya miguu mpaka bibi wa ukoo aonje pombe kwa mrija, kisha ampe na yeye huo mrija anywe. Akishakunywa, mdomo umefunguliwa, na neno lake la kwanza ndilo wanalomhukumia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kwanza matamu sana, nayafanyia mazoezi kwa wiki nzima nikiuza dawa za mifugo.

Baba mdogo alisimamisha bodaboda. Akatazama nyuma ya Yai: dumu moja limejaa, moja limebaki kidogo chini. Lililobaki kidogo ndilo nililomimina kwenye tangi, kwa hiyo lililojaa ndilo la wakwe. Mtoto mdogo angesema hivyohivyo. Akalipakata lile lililojaa kifuani, akapanda, na senene mfukoni, wakapotea kilimani. Petroli ilimnukia njia nzima, na yeye akadhani ni pikipiki.

Bisibisi sikioni

Leopoldi alianza upya kwa utulivu, na nampa haki yake, anajua kazi. Aliniambia nifungue ufunguo nusu bila kupiga stata, akalala kwenye kiti cha nyuma, akaweka sikio.

"Pampu inanguruma. Iko hai."

Kisha akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha juu ya nozeli, zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini, na mpini akauweka sikioni, kama daktari. "Nyamazeni!" Watu wote walinyamaza, hata mbuzi wa Ma Jovina. "Piga." Nikapiga. "Inagonga. Tik tik tik. Nozeli inafungua na kufunga." Kila aliyekuwepo akataka kusikiliza. Katekista alisikiliza nozeli ya pili kwa muda mrefu, akasema haisemi kitu kibaya.

Leopoldi alikunja uso. Cheche ipo, pampu ipo, nozeli inagonga, na gari haliwaki. Alizichomoa nozeli zote pamoja na bomba lake, akaweka chupa tupu chini ya kila moja, akaniambia nipige tena. Nozeli nzima inapaswa kutoa ukungu mwembamba, kama mtu anayepulizia nguo maji kabla ya kupiga pasi. Hizi zilidondosha uji. Moja ilirusha mkondo mnene ukanipata shati zima kifuani, nyingine haikutoa kitu.

"Zimeziba. Nitazisafisha kwa petroli yako. Lete hiyo iliyobaki kwenye dumu."

Nilimletea. Akamimina kwenye bakuli, akatumbukiza nozeli, akazisugua kwa mswaki. Kadiri alivyosugua ndivyo zilivyonata. Vidole vyake vilikuwa vinagandana.

"Fundi," niliuliza, "huoni kitu? Huisikii harufu?"

"Mimi pua ilikufa kazini zamani. Nuse wewe."

"Mimi nina mafua."

Tukatazamana. Wakati huo nyuki walikuwa wameanza kuja. Mmoja kwenye bakuli, wawili kwenye mfuniko wa tangi, halafu kundi zima juu ya shati langu. Nikawa naruka huku na huku najipiga kifua. Ma Jovina, ambaye mpaka hapo alikuwa anapanga maparachichi yake, alisogea na kuinama juu ya bakuli.

"Mbona petroli yenu ina mtama?"

Leopoldi akainua mswaki. Kweli, kwenye nywele za mswaki huo kulikuwa na maganda ya mtama. Ma Jovina akachovya kidole, akakilamba, akafumba macho.

"Waitu! Hii ni rubisi. Tena ya mtu anayejua. Nani kaipika?"

Leopoldi alinyanyua chupa moja kwenye mwanga. Juu kulikuwa na utando mwembamba wa petroli, chini yake rubisi ya shangazi Koku imetulia, kahawia, haina haraka. Pombe nzito ilikuwa imezama kwenye tangi mpaka kwenye mdomo wa pampu, na pampu, kwa uaminifu wake, ikawa inainywesha injini.

Watu walicheka mpaka mwenye baiskeli akaiangusha baiskeli yake. Mimi pia nilianza kucheka. Halafu nikaacha, maana nilikuwa nimefika mwisho wa hesabu. Kama rubisi iko kwenye tangi, kwenye dumu la wakwe kuna nini?

Nilimwona akilini bibi yake Jenista anavuta mrija. Nilimwona na kiko chake mdomoni, maana kila mtu Nkwenda anajua kwamba Bibi Kagemulo na kiko hawaachani.

Nilimpigia baba mdogo. Simu yake iliita ndani ya Yai, chini ya kiti, kwa wimbo wa kwaya. Nilimpigia Jenista. Ikapokelewa na shangazi yake, maana siku hiyo bibi arusi anawekwa chumbani na simu ananyang'anywa.

"Shangazi, shikamoo, tafadhali..."

"Ni wewe Evodi? Wewe leo huongei," alisema, akakata. Nilipiga tena. "Mwanangu, utajiharibia," akakata. Mara ya tatu akazima kabisa.

"Leopoldi," nilisema, "pikipiki."

Mbele ya Nkwenda: salamu za ng'ombe

Yai lilibaki mikononi mwa Ma Jovina, na nyuki. Leopoldi alikimbiza pikipiki hivi kwamba matuta tuliyaona kutokea juu. Nyuki wachache waliolipenda shati langu walitusindikiza mpaka karibu na Nkwenda. Nilikuwa naogopa kweli, wala sioni aibu kusema. Sikuwaza tena mwenye lori. Niliwaza Jenista akiambiwa kwamba bibi yake kanyweshwa petroli na watu waliokuja kumwomba.

Tulipoacha barabara kubwa tukakutana na ng'ombe. Wale wa pembe ndefu, njia nzima, hawana habari. Mchungaji wao mzee alisimama katikati na fimbo yake mabegani, akaanza kutusalimia kwa Runyambo. Mmelalaje. Mmeshindaje. Nyumbani hawajambo. Leopoldi alijibu upesiupesi, lakini salamu za mzee huyo hazikuwa na njia ya mkato, na ng'ombe wake pia. Akauliza tunatoka wapi, akauliza ukoo wangu, akafurahi kwamba alimfahamu mjomba wa mama yangu, akataka kujua mjomba alikufa kwa nini.

"Tumbo," nilisema.

"Alikunywa nini?"

Nusura nilie. Leopoldi akapiga honi ndefu, ng'ombe wakatawanyika, na tukapita kati ya pembe huku mzee akituita watoto wasio na adabu.

Kwa Mzee Simeo

Tulifika. Turubai limefungwa kati ya migomba, wazee wamejaa, moshi wa jikoni unapita chini. Katikati, dumu la njano na kamba yake ya mgomba. Pembeni ya dumu, kwenye kigoda, Bibi Kagemulo, mdogo kama kuku wa kienyeji, kiko kinawaka mkono wa kushoto na mrija uko mkono wa kulia. Na mbele yao wote, suti ya kahawia imesimama, inaongea.

Baba mdogo Laurenti alikuwa bado anaongea! Alikuwa amefika kwa babu wa babu yangu na ng'ombe wake aliyevuka mto peke yake. Wazee wawili walikuwa wamelala. Jani la mgomba lilikuwa bado liko kwenye mdomo wa dumu. Nilimpenda baba mdogo wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu yeyote wa suti.

Lakini nilikuwa nimeingia kwenye ua wa wakwe, na mdomo wangu umefungwa. Nikaanza kwa ishara. Nilionyesha dumu, nikashika pua, nikapunga mikono, nikashika tumbo, nikaonyesha moto kwa vidole. Mjomba mmoja wa Jenista akanitazama kwa huruma, akaja, akanishika mkono kwa upole, akaniongoza nyuma ya nyumba mpaka mlangoni pa choo.

"Usione haya," aliniambia. "Hata mimi siku yangu tumbo lilinisumbua."

Nikasikia baba mdogo kule mbele akisema yale maneno ambayo kwa miaka yote ya maisha yangu sijawahi kumsikia akiyasema: "Na kwa kumalizia..."

Nilitoka mbio. Nilifika chini ya turubai jani la mgomba linatolewa, na Bibi ameinama, mrija mbele, kiko nyuma yake kidogo.

"Bibi, usinywe!" nilipiga kelele. "Weka kiko mbali! Ni petroli!"

Wazee waliolala wakaamka. Mzee Simeo akasimama polepole. Ndani ya nyumba nilisikia sauti ya Jenista ikisema, "Jamani, Evodi," na hapo nilijua nimeharibu.

"Evodi," alisema baba mdogo kwa uchungu, "nilikuwa sijamaliza."

Mzee Simeo alichukua kiko mkononi mwa mama yake, akampa mtu akipeleke mbali. Akainama juu ya dumu, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Akanusa tena. Uso wake ukabadilika, nikangoja matusi. Badala yake akageuka kutazama kona ya jikoni, ambako pikipiki yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, kuku wamelala juu ya kiti chake.

"Lote hili?" aliuliza. "Limejaa?"

Leopoldi ndiye aliyejibu, maana mimi nilikuwa nimerudi kutazama vidole vya miguu. "Limejaa, mzee. Safi. Ya Kayanga."

"Kata nzima haina petroli," Mzee Simeo aliwaambia wazee. "Kahawa yangu iko kwenye magunia hapo, siwezi kuipeleka popote. Yule mwenye lori kaja hapa kila wiki, hajawahi kuniachia hata kikombe cha petroli. Rubisi ninayo, migomba yote hii mnaiona. Mimi naona hawa wamekuja na kitu." Na wazee, ambao nusu yao walikuwa wamekuja kwa miguu kwa sababu hiyohiyo, wakaanza kusogeza vichupa vyao karibu na dumu na kusema kwamba ukoo wangu ni ukoo unaoona mbali.

Nilidhani yameisha. Bibi Kagemulo akagonga chini kwa mrija.

"Mnapanga kumtoa mjukuu wangu, na mimi sijanywa kitu," alisema. "Mimi si pikipiki."

Akamgeukia Mzee Simeo.

"Jibu hakuna mpaka nionje. Waende, warudi na pombe. Na huyu kijana kafungua mdomo kabla ya mrija. Kanisaidia, nimeona. Lakini kaufungua. Basi aufunge. Habari ya leo asiisimulie kwa mtu yeyote mpaka mrija wangu uloane."

Ndivyo nilivyokaa mchana mzima kwa wakwe, nakula matoke na senene bila neno, huku Leopoldi akiwasimulia jinsi alivyojua kuwa ni rubisi tangu alipoliona gari kwa mbali. Kwenye simulizi yake Ma Jovina hakuwepo kabisa. Kwenye ya baba mdogo, hotuba ilirefushwa makusudi kwa sababu aliota hatari. Nilitikisa kichwa mpaka shingo ikauma, nao wakadhani nakubali.

Mara ya pili

Leopoldi alilitoa Yai tangi, akalisuuza, akapuliza mabomba, akazisafisha nozeli moja baada ya nyingine mpaka zikatoa ukungu. Likawaka. Mpaka leo, kila asubuhi likiwa baridi linatoa harufu ya mkate wa ndizi, ambayo sasa naisikia, maana mafua yamepona. Rubisi iliyotoka kwenye tangi alitaka kuimwaga, akakuta Ma Jovina na katekista wanaitazama kwa masikitiko kama msiba.

Shangazi Koku alipika upya. Hakunisemesha muda wote anapika. Dumu safari hii lilikuwa jeupe, na kifuniko, na lilikaa mapajani mwa baba mdogo kutoka Bweranyange mpaka kwa Mzee Simeo, ambaye alitupokea njiani akiwa juu ya pikipiki yake.

Bibi Kagemulo alimlazimisha baba mdogo aonje kwanza. Akamtazama kwa muda kama atakufa. Hakufa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hotuba. Bibi akaingiza mrija, akavuta, akafumba macho, akavuta tena, akavuta mara nyingine ambayo haikuwa ya lazima. Jenista alikuwa amekaa nyuma yake, amejifunika mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika kwa kicheko. Bibi akafuta mrija kwa kiganja, akanipa. Nikanywa.

"Haya," alisema. "Sema."

Nilikuwa na mengi. Nilikuwa na yale maneno matamu ya wiki nzima, na ya kumkanusha Leopoldi, na ya kumshukuru Ma Jovina, na machache kuhusu choo. Nilifungua mdomo na yote yakapotea. Nikakumbuka tu kwamba mara ya kwanza niliingia ua ule nikipiga kelele, wala sikumsalimia mtu.

"Shikamoo, Bibi," nilisema.

Alinitazama, akachukua kiko chake, akakiwasha bila haraka.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema.